Kupona kwa Ubongo ni Kazi ya Nani?

Katika lugha yetu kuna methali mbili ambazo sisi walimu huzifundisha pengine katika juma moja bila kuona kwamba zinapingana. Ya kwanza ni "Samaki mkunje angali mbichi." Ya pili ni "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Ya kwanza yatuambia kwamba kila kitu kina wakati wake wa kukunjika, na wakati huo ukipita, atakaye kukikunja atakivunja. Ya pili yatuambia kwamba chombo kikiharibika kazi haifi, maadamu mhunzi yupo na nia anayo. Kwa muda mrefu wanadamu waliutazama ubongo wa mtu mzima kwa jicho la methali ya kwanza. Elimu ya tiba ya siku hizi inatuelekeza kwenye ile ya pili. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali linalozaliwa na mabadiliko hayo, nalo si swali la matabibu peke yao: ikiwa ubongo uliojeruhiwa waweza kujifunza upya, ni nani mwenye wajibu wa kuufundisha?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu sisi tukaao mpakani, Busia na Tororo. Neno bodaboda, ambalo leo latumika Afrika Mashariki nzima, asili yake yasimuliwa kuwa ni hapa petu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walikuwa wakiwapakia abiria kwenye baiskeli ili kuwavusha ile nafasi iliyokuwa kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, huku wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baadaye baiskeli ikaipisha pikipiki, na mwendo ukazidi. Leo hakuna kijiji cha upande huu wala wa ule ambacho hakijapata kumlaza kijana aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa.

Upande wa Tororo tuna adui wa pili. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2001 na 2002 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Unyunyiziaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014 uliupunguza sana ugonjwa huo, lakini haukuumaliza. Na malaria ikipanda ubongoni huua watoto, na wale isiowaua huweza kuwaacha na jeraha lisiloonekana. Adui wa tatu ni kiharusi, ambacho huwajia wazee wetu, na siku hizi hata wasio wazee, kwa sababu ya shinikizo la damu lisilopimwa. Basi tukisema habari za ubongo ulioumia, hatusemi habari za mbali. Twasema habari za jirani, za mwanafunzi wa dawati la tatu, na za mwalimu mwenzetu.

UBONGO UNAVYOJITENGENEZA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, na ndani yake mna chembe za neva zipatazo bilioni 86. Kila chembe imeunganishwa na nyingine nyingi, nazo hupelekeana habari bila kupumzika. Mwaka 1861 tabibu Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeitwa Leborgne, aliyekuwa amekaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre, Paris. Mtu huyo aliyaelewa mengi aliyoambiwa, lakini alipotaka kujibu, karibu sauti pekee iliyomtoka ilikuwa "tan", "tan". Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza sehemu nyingine, iliyo nyuma zaidi, ambayo ikiumia mtu husema kwa wepesi lakini maneno yake hayashikamani, na ya wenzake hayamwelei.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini uliacha imani moja nzito: kwamba ikiwa kila kazi ya akili ina chumba chake, basi chumba kikibomoka kazi imekwisha. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kuchunguza chembe za neva, alifundisha kwamba njia za ubongo wa mtu mzima zimekwisha kukazwa na hazibadiliki. Ila yeye mwenyewe aliiona hukumu hiyo kuwa kali, akaiachia elimu ya siku za mbele kuitengua ikiweza.

Elimu hiyo imeitengua kwa sehemu. Twajua leo kwamba chembe zilizokufa kwa jeraha au kiharusi kwa kawaida hazifufuki. Lakini zilizobaki hazikai bure. Kwanza, uvimbe na damu iliyovuja hupungua, na pamoja navyo baadhi ya dhiki ya siku za mwanzo huondoka. Pili, sehemu zilizo mbali na jeraha, ambazo zilikuwa zimeduwaa kwa kukatiwa mawasiliano, huamka. Tatu, chembe zilizosalia huchipua matawi na kutafuta miungano mipya, na njia zilizokuwa hazitumiki sana hufunguka. Nne, sehemu nyingine za ubongo, wakati mwingine hata za upande wa pili, hujifunza kubeba kiasi cha kazi ya ile iliyoharibika. Nafuu ya haraka aghalabu huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, lakini mazoezi yaweza kuleta nafuu hata baada ya miaka.

Watu wa mpakani hatuhitaji mfano wa mbali. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala kwa kawaida hupitia Malaba. Foleni ikizidi huko, madereva wengine huzungukia Busia, na mzigo hufika. Ubongo nao hutafuta njia ya kuzungukia. Ila kuna tofauti moja ambayo yafaa tuishike vizuri. Barabara ya Busia huwakuta madereva imekwisha kutiwa lami. Njia mpya ya ubongo hufanana zaidi na kijia cha kukatiza shambani: hakipo mpaka watu wakipite, na wakiacha kukipita majani hukifunika. Kupita huko, mara mia na mara elfu, ndiko kunakoitwa mazoezi.

Kuna kisa mashuhuri cha mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko New York, Pedro Bach-y-Rita, aliyepatwa na kiharusi mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa na umri wa miaka 65. Hakuweza kutembea wala kusema. Mwanawe mmoja, aliyekuwa akisomea udaktari, alimfundisha kutambaa kwanza kama mtoto, huku bega dhaifu likiegemea ukuta, kisha akampa kazi za nyumbani, kama vile kusugua masufuria, ili mkono urudiwe na mwendo wake. Baada ya muda mzee huyo alirejea darasani. Alipofariki miaka kadhaa baadaye, ubongo wake ulipochunguzwa ulionekana kuwa bado na lile jeraha kubwa. Jeraha halikupona, aliyepona ni mtu. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa tabibu, aliutumia umri wake kuchunguza jinsi jambo hilo linavyowezekana.

USEMI HAUZOEZWI NA MTU MMOJA

Hapa ndipo swali letu linapokuwa swali la maadili. Mkono dhaifu mtu aweza kuuzoeza peke yake, akiwa na mpira wa matambara na saburi. Mguu aweza kuuzoeza akishika ukuta. Lakini usemi je? Mtu hawezi kumsalimu mtu asiyekuwapo. Kila neno lina pande mbili, atamkaye na asikiaye, na upande mmoja ukikosekana neno halina pa kwenda. Mgonjwa aliyepoteza maneno akikaa siku nzima chini ya mwembe asisemeshwe na mtu, basi hakufanya mazoezi siku hiyo; na hakukosa kwa uvivu, bali amenyimwa. Kwa maana hiyo jirani si mtazamaji wa tiba. Jirani ni sehemu ya dawa, na dawa hiyo haiuzwi dukani.

Jambo hili lina ugumu wake maalumu katika nchi yetu ya lugha nyingi. Mama auzaye samaki Busia aweza kusema Kisamia nyumbani, Kiteso au Dhopadhola na majirani, Kiswahili na wateja kutoka upande wa Kenya, Kiganda na wale watokao Jinja na Kampala, na Kiingereza kidogo ofisini. Akipigwa na kiharusi, lugha ipi itarudi kwanza? Mfaransa Théodule Ribot alifikiri, katika miaka ya 1880, kwamba mambo yaliyojifunzwa mapema ndiyo hudumu zaidi. Mwenzake Albert Pitres akadai mwaka 1895 kwamba lugha iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo hutangulia. Wachunguzi waliofuata wameona kwamba hakuna kanuni moja iwatoshayo wote: kwa wagonjwa wengi lugha zote hurudi sambamba, lakini kwa wengine moja hutangulia na nyingine huchelewa, au hata haziji kabisa. Tena hata mtu asiyeweza kutunga sentensi aweza kubakiwa na maneno yaliyokaa ndani kwa mazoea ya miaka: kuhesabu, kuapa, kusali, na kuimba.

Maana yake ni kwamba mgonjwa aulizwaye kwa lugha moja tu akanyamaza, hajathibitika kuwa bubu. Huenda amegongwa mlango usiofunguka, na ule wa pili haukujaribiwa. Mganga mgeni hana lawama kwa kutojua Dhopadhola. Lakini ndugu na jirani wanaijua. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2008 mafunzo ya shahada ya tiba ya usemi, hatua ya kusifiwa; hata hivyo wataalamu wa fani hiyo bado ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Aliye kijijini baina ya Tororo na Busia atafundishwa na wanakijiji, ama hatafundishwa.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa upande wa Tororo, aliyepatwa na hali hiyo. Alikuwa fundi wa insha, na watu walimwogopa kwa jinsi alivyosahihisha hata salamu zao. Kiharusi kilimwachia maneno mawili au matatu. Wageni walikuja wakaketi, wakasema wao kwa wao juu yake, "Masikini, mwalimu hasikii tena," naye akawatazama kwa macho ya mtu anayesikia kila neno. Aliyembadilishia mambo si mtaalamu. Ni kijana wa bodaboda, mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa akisimama hapo kila jioni akitoka kazini. Alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akanyamaza akangoja. Akangoja mpaka jibu likaja, hata likija kipande. Siku nyingine alimwanzishia wimbo wa Dhopadhola wa utotoni, na mzee akaumalizia. Wakatoka katika wimbo wakaingia katika majina ya vitu vilivyotajwa wimboni. Baada ya mwaka mzee yule hakuwa tena mtunzi wa insha, lakini alikuwa akiagiza chai yake mwenyewe, akikataa sukari ikizidi, na kumkosoa kijana yule kila anapoharibu ngeli.

HURUMA IPONYAYO NA HURUMA IDUMAZAYO

Wapo watakaosema kwamba jamii zetu hazihitaji kuhubiriwa habari hizi, kwa kuwa sisi ni watu wa ujamaa na ukarimu, na mgonjwa kwetu hatupwi. Ni kweli. Tatizo letu aghalabu si kukosa huruma, bali ni aina ya huruma tuliyo nayo. Methali yetu husema, "Mgonjwa haulizwi uji." Hekima yake ni kubwa kwa mtu aliye mahututi: mpe, usimchoshe kwa maswali. Lakini kwa mtu aliyepoteza usemi, methali hiyo ikishikwa neno kwa neno yaweza kumdhuru. Kuulizwa uji ndiyo dawa yake. Aulizwe kama ataka wa wimbi au wa mahindi, wa moto au uliopoa, na angojwe mpaka ajibu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub alieleza jinsi mtu aliyepooza mkono anavyojaribu kuutumia mara kadhaa, anashindwa, kisha anajifunza kuuacha. Hata baadaye ubongo ukiwa umekwisha kupata nafuu, mkono hubaki umelala kwa mazoea ya kuachwa. Tiba aliyoibuni ni kuuzuia ule mkono mzima kwa saa nyingi za kila siku, kwa muda wa kama majuma mawili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi kwa mazoezi mengi yaliyopangwa. Kwa mtazamaji asiyejua, tiba hiyo yafanana na ukatili: mtu mgonjwa, na mnamfunga mkono uliobaki! Kumbe anayemkimbilia kumfungia vifungo vya shati ndiye amwongezeaye ulemavu, japo anafanya hivyo kwa mapenzi.

Sisi walimu twalijua jambo hili kwa jina jingine. Mwalimu aulizaye swali kisha akalijibu mwenyewe kabla ya mtoto kufumbua kinywa, amefundisha nini? Amefundisha kwamba kufikiri si lazima. Mke amjibiaye mumewe kila swali la mgeni, wajukuu wamletao kila kitu kabla hajakiomba, wote wamsaidia kusahau. Lakini hapa pana hatari ya upande wa pili, na haki yataka tuitaje. Kumngoja mtu si kumtesa. Kumnyima maji mpaka ayatamke sawasawa ni dhuluma, wala si zoezi. Mpaka baina ya msaada na unyang'anyi haupimwi kwa kamba. Kila siku hupimwa upya, kwa kumtazama mgonjwa usoni na kujua ni lini jitihada imegeuka kuwa fedheha. Kazi hiyo yataka akili na moyo pamoja, na ndiyo sababu naiita kazi ya maadili, si ya ufundi tu.

HOJA TATU ZA KUJIBIWA

Kuna hoja tatu zinazotolewa dhidi ya maneno haya. Ya kwanza ni ya majaliwa. Husemwa kwamba aliyepigwa na ugonjwa amepangiwa, na kwamba kuhangaika ni kutoridhika. Najibu kwamba kuridhika ni jambo jema, lakini huja baada ya kazi, si mahali pa kazi. Hakuna mtu wa Busia ambaye, mvua ikimbomolea ukuta, hukaa chini akasema nyumba imepangiwa kuanguka. Hukanda udongo. Hatujui kadiri ya majaliwa ya mtu mpaka tumefanya lililo ndani ya uwezo wetu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Watu wana kazi. Anayevuka mpaka alfajiri kwenda sokoni hana saa mbili za kumngoja mgonjwa atafute neno "kikombe". Hoja hii haifai kudharauliwa, hasa kwa sababu twajua ni nani hubebeshwa mzigo huo. Katika nyumba nyingi ni mke, au ni binti anayeachishwa shule ili amwangalie babu. Wajibu wa wote ukimwangukia mmoja huwa ni dhuluma, hata ukiitwa mapenzi. Jibu langu ni kwamba dawa ninayoisema hugawanyika. Mtu mmoja hana saa mbili, lakini watu kumi wana dakika kumi kumi. Mwenye kibanda cha chai, mchunga mbuzi apitaye, mwenzake wa kanisani au msikitini, mwanafunzi arudiye nyumbani: kila mmoja akisimama, akasalimu na kungoja jibu, mgonjwa atakuwa amefanya zoezi kubwa kuliko ambalo hospitali yoyote ingempa, na binti atabaki shuleni. Haba na haba hujaza kibaba.

Hoja ya tatu ndiyo inipayo mashaka zaidi, nayo hutoka kwa wale waliokwisha kuyakubali yote niliyoyasema. Tukihubiri kwamba ubongo hupona kwa mazoezi, tutamwambia nini yule aliyejizoeza akasalia vile vile? Je, hatutakuwa tumemwongezea lawama juu ya ugonjwa? Tumaini nalo laweza kuwa fimbo. Katika habari hii yafaa kumkumbuka askari wa Kisovieti aitwaye Zasetsky, aliyejeruhiwa kichwani kwa risasi mwezi Machi 1943 katika mapigano ya Smolensk. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Jeraha likamfanya asijue kusoma, asishike kumbukumbu, asiuone ulimwengu katika umoja wake. Tabibu Alexander Luria na wenzake walimsaidia kugundua kwamba mkono wake waweza kuandika ikiwa hatazamii herufi moja moja, bali aliachia neno zima litoke kwa mkupuo mmoja. Kwa miaka 25 aliandika habari za maisha yake, kurasa zipatazo 3,000, ingawa alisoma kwa taabu kubwa yale aliyoyaandika mwenyewe. Luria aliyatoa maandishi hayo katika kitabu mwaka 1971. Zasetsky hakupona. Alijitahidi kuliko wengi wetu tutakavyojitahidi maishani, na hakupona.

Kwa hiyo msingi wa wajibu wetu hauwezi kuwa matokeo. Tukimsemesha mgonjwa kwa kutaraji kwamba atapona atulipe, siku tutakapokata tamaa tutamwacha, na tutajiona tuna haki. Msingi lazima uwe mwingine: kwamba yeye ni mtu, na mtu husemeshwa. Utu wake haukukaa katika ile sehemu ya ubongo iliyoharibika. Yule mgonjwa wa Broca alikuwa na jina lake, Leborgne; lakini watu wa hospitali walimwita Tan, kwa ile sauti iliyombakia, na vitabu vingi vimemkumbuka kwa jina hilo. Sisi nasi tuna desturi hiyo. Mtu akivunjika mguu huitwa Kiguru. Akipoteza maneno huitwa Bubu, na katika mwaka mmoja watoto wa kijiji hawalijui tena jina lake. Kumwita mtu kwa jina lake la haki ni jambo ambalo halihitaji tumaini la tiba. Ni deni la kila siku, na lina faida hii ya ziada, kwamba mara nyingine huponya.

DARASANI

Sasa niwageukie wenzangu walimu. Watafiti wa Kampala walichapisha mwaka 2008 habari za watoto waliougua malaria ya ubongo wakatibiwa katika hospitali ya Mulago. Miaka miwili baadaye, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu katika kukumbuka, kuzingatia au kujifunza. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wachunguzi waliona pia upungufu wa lugha kwa baadhi ya watoto wa namna hiyo. Watoto hao hurudi shuleni wakiwa wazima wa viungo. Hawachechemei wala hawana kovu. Mwalimu amwonaye mtoto aliyekuwa hodari akisahau leo alichokijua muhula uliopita, humwita mvivu, na wenzake humpa jina baya zaidi. Hapo jeraha la pili linakuwa limeongezwa juu ya la kwanza, na safari hii mbu hana hatia.

Lakini huyo mtoto ndiye mwenye tumaini kubwa. Watafiti wa Uganda, miongoni mwao Paul Bangirana wa Makerere, walijaribu kuwapa watoto wa aina hiyo mazoezi ya akili kwa kompyuta kwa majuma kadhaa, na baadhi ya stadi zao zikapata nafuu, ingawa si zote. Shule zetu nyingi hazina kompyuta za kutosha. Zina vitendawili, ambavyo huzoeza kuzingatia. Zina hadithi za kusimuliwa upya, ambazo huzoeza kumbukumbu. Zina nyimbo za kuhesabu na michezo ya maneno. Sidai kwamba vitu hivi vimepimwa kama dawa ipimwavyo. Nasema tu kwamba ni mazoezi, kwamba viko mikononi mwetu, na kwamba kumpa mtoto aliyeumia nusu dakika zaidi ya kujibu hakumgharimu mwalimu chochote. Yafaa pia mwalimu aulize nyumbani, kabla ya kuhukumu: je, mtoto huyu aliugua nini wakati wa likizo?

Tuna na wajibu wa kutangulia jeraha. Kofia ngumu ya pikipiki hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban thuluthi mbili. Chandarua huzuia mbu. Kupimwa shinikizo la damu huchukua dakika chache. Mtu apendaye kusifu uwezo wa ubongo kujitengeneza na huku anapanda bodaboda bila kofia, hajausifu, ameujaribu.

Nani basi mwenye kazi ya kuuponya ubongo? Tabibu ana sehemu yake, na hakuna wa kuishika badala yake. Mgonjwa ana sehemu yake, nayo ni nzito kuliko zote. Lakini kuna sehemu ya tatu, ambayo wakati wa majaliwa matupu haikuonekana kuwa kazi, na ambayo elimu imeifanya kuwa wajibu: sehemu ya yule asemeshaye na kungoja. Zamani, tulipoamini kwamba samaki amekwisha kukauka, kunyamaza kwetu mbele ya mgonjwa kulikuwa huzuni tu. Leo tunajua zaidi, na kujua huongeza deni.

Shime, walimu wenzangu. Sisi ndio watu wa maneno katika vijiji hivi vya mpakani, na wengi wetu tunazo lugha tatu au nne. Kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja, mzee au mtoto, ambaye maneno yamemtoka. Jioni ya leo tupite kwake, tumwite kwa jina lake, tumuulize jambo dogo kwa lugha aliyolelewa nayo, kisha tunyamaze tumngoje.